Mawe hai: Mmea unaokufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi
Jinsi ya kupima maji, kuchanganya udongo na kubadilisha chungu katika hali ya hewa ya Nakuru

Mmea wenyewe unafanana na kokoto mbili zilizosogezwa pamoja. Hauna shina wala matawi, na kwa miezi kadhaa ya mwaka hauonekani kama unakua. Mnunuzi anaufikisha nyumbani, anauweka karibu na sinki la jikoni na kuumwagilia kila asubuhi pamoja na maua mengine. Baada ya wiki chache majani yanalainika, yanageuka rangi ya chai na kuanza kunuka. Mnunuzi anarudi kwa muuzaji akilalamika kwamba aliuziwa mmea mgonjwa.

Mara nyingi mmea huo haukuwa na ugonjwa wowote. Umekufa kwa maji.

Mawe hai, ambayo wataalamu wa mimea huyaita Lithops, ni miongoni mwa sakulenti, yaani mimea inayoweka akiba ya maji ndani ya majani au shina lake. Mimea ya aina hii sasa inapatikana kwenye vitalu vya miche, kwenye roshani za nyumba za kupanga na juu ya meza za ofisi. Kwa familia isiyo na shamba, ni mmea unaotosha kwenye kipenyo cha kikombe. Kwa kijana au kikundi kinachouza miche, ni bidhaa ndogo isiyohitaji ekari wala maji mengi. Lakini faida hiyo hupotea upesi mmea unapotunzwa kama sukuma wiki.

Makala haya yanaeleza mmea huu unatoka wapi, unahitaji maji lini, na unavyohamishiwa kwenye chungu kingine bila kuuawa.

Ulikotoka

Mawe hai ni mimea ya kusini mwa Afrika. Makao yake ni nyanda kavu za Namibia na Afrika Kusini, kwenye changarawe na miamba ambako mvua ni chache na jua ni kali. Mwaka wa 1811, msafiri Mwingereza William Burchell aliokota kitu alichodhani ni kijiwe chenye umbo la ajabu karibu na Prieska, Afrika Kusini. Alipokishika akagundua kwamba ni mmea. Jina Lithops, linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe na sura, lilitolewa na mtaalamu wa mimea N. E. Brown mwaka wa 1922.

Kufanana na mawe ni kinga. Mnyama anayetafuta majani yenye maji hupita bila kuuona. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mmea imezama ardhini. Kinachoonekana juu ni paa tu la majani mawili manene. Kwenye paa hilo pana sehemu zinazopitisha mwanga, mfano wa mabati ya plastiki yanayowekwa kwenye paa la stoo. Mwanga hupenya humo na kufikia tishu za kijani zilizo chini, ambako chakula cha mmea hutengenezwa.

Mmea huu pia hufunga vitundu vyake vya kupitisha hewa mchana na kuvifungua usiku, wakati joto limepungua. Kwa njia hiyo haupotezi maji mengi. Ni mmea uliojipanga kuishi kwa akiba, na ndiyo sababu mtu anayeupa maji kila siku anauumiza.

Jinsi maji mengi yanavyoua

Mmea wa kawaida ukipewa maji mengi, hutoa nyingine kupitia majani. Mawe hai hayana njia hiyo kwa kiwang kikubwa. Yanachofanya ni kuvuta maji yote yaliyopo na kuyajaza ndani ya majani mawili. Yakizidi, ngozi ya jani hupasuka kama nyanya iliyonyeshewa baada ya kiangazi.

Hatari ya pili iko chini. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukikaa na unyevu kwa siku nyingi, hewa hutoweka, mizizi huoza na kuvu huingia. Dalili zinapoonekana juu, kazi imekwisha chini.

Hatari ya tatu haifahamiki na wengi. Kila mwaka mmea huu huvua majani yake. Jozi mpya huchipuka ndani ya ufa ulio katikati, na hukua kwa kunywa maji yaliyo kwenye majani ya zamani. Majani ya zamani husinyaa polepole mpaka yanabaki ngozi nyembamba kama karatasi. Mmea ukimwagiliwa wakati huo, majani ya zamani hayasinyai. Jozi mbili hubaki zimepandana, jozi mpya inabanwa, na mara nyingi kuoza huanzia hapo.

Kwa hiyo jani linalokunjamana wakati jozi mpya inatokea halimaanishi kiu. Jani hilo linamnyonyesha mtoto wake, na linafaa kuachwa limalize kazi hiyo.

Soma majani, usitegemee kalenda

Maelezo mengi ya kutunza mawe hai yameandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi na ya joto kali. Yanasema usimwagilie msimu wa baridi na anza tena baridi inapokwisha. Nakuru iko karibu sana na mstari wa ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana kati ya Januari na Julai. Mmea unaweza kuanza kuvua majani mwezi tofauti na ulioandikwa kwenye kitabu, na hata mimea miwili kwenye dirisha moja inaweza kupishana.

Badala ya kuhesabu miezi, mkulima atazame mmea wenyewe.

Mmea ukiwa na jozi moja ya majani, imara na bapa juu, hauna haja ya maji. Ukiwa na jozi moja, lakini pande zake zimeanza kuingia ndani na kuonyesha mikunjo midogo, na ukiuminya taratibu kwa vidole unahisi umelegea, wakati wa kumwagilia umefika.

Ufa wa katikati ukifunguka na kichwa cha jozi mpya kikionekana ndani, maji yasimamishwe kabisa. Hali hii inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Maji yarudishwe tu majani ya zamani yanapokauka na kuwa karatasi.

Ua likichomoza kwenye ufa, mmea unaweza kupewa maji kwa kiasi kama kawaida. Maua huwa ya njano au meupe, na mengi hufunguka alasiri na kufunga jioni. Baada ya ua kunyauka, maji yapunguzwe, kwa kuwa mmea unajiandaa kutoa jozi mpya.

Kiasi na namna ya kumwagilia

Wakati wa kumwagilia ukifika, mmea upewe maji ya kutosha hadi yatoke kwenye matundu ya chini ya chungu, kisha uachwe ukauke kabisa. Kijiko kimoja cha maji kila siku ni kibaya zaidi, kwa sababu hulowanisha sehemu ya juu bila kufika kwenye mzizi mkuu na hukifanya chungu kisikauke kamwe. Sahani iliyo chini ya chungu imwagwe maji baada ya dakika chache.

Njia rahisi ya kujua kama udongo umekauka ni kuingiza kijiti chembamba kirefu hadi chini na kukiacha kwa muda. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, subiri. Njia nyingine ni kuinua chungu. Chungu kikavu ni chepesi, na mkono huzoea tofauti hiyo baada ya mara mbili tatu.

Maji yamwagwe asubuhi, kando ya mmea. Yasiachwe kutuama kwenye ufa.

Mahali anapoishi mkazi panabadilisha ratiba. Naivasha na Gilgil hupata mvua kidogo na upepo mwingi, kwa hiyo chungu hukauka upesi. Molo na Kuresoi ziko juu zaidi, zina baridi na mvua nyingi, na chungu kilichomwagiliwa huko huweza kukaa na unyevu muda mrefu zaidi. Mkazi wa Molo asifuate siku za jamaa yake wa Naivasha. Katika sehemu zote, mvua ndefu za Machi hadi Mei ndizo hatari kubwa kwa mmea uliowekwa nje. Uwekwe chini ya upenu au paa linalopitisha mwanga, mahali ambapo mvua haiufikii.

Aina ya maji nayo ina uzito wake. Wakazi wengi wa kaunti hii wanajua maji ya visima vya Bonde la Ufa kwa alama yanazoacha kwenye meno, kutokana na floraidi. Maji mengi ya visima hivyo pia yana chumvi na magadi. Kwenye chungu kidogo, chumvi hubaki kila maji yanapokauka, na baada ya muda huonekana kama unga mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi au mtungi ndiyo bora. Kwa kuwa mawe hai hunywa kidogo, mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kutosheleza mimea michache kwa muda mrefu.

Mwanga

Mmea usiopata jua la kutosha hurefuka, hupoteza umbo la jiwe na kuinama upande mmoja. Unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa nne au tano kila siku. Dirisha linalotazama mashariki linafaa zaidi, kwa sababu katika eneo la ikweta hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Dirisha la kaskazini hupata jua zaidi katikati ya mwaka, na la kusini mwishoni mwa mwaka.

Mmea uliokaa kivulini usitolewe ghafla kwenye jua la saa sita. Nakuru iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na jua lake huunguza hata siku yenye ubaridi. Uzoeshwe kwa siku kadhaa, ukianza na saa moja ya asubuhi yake. Alama nyeupe au kahawia zilizokauka juu ya jani ni za kuungua, na hazitaondoka hadi jani hilo livuliwe.

Udongo: bidhaa iliyo mlangoni

Udongo mweusi wa shamba, ambao ni mzuri kwa mahindi, ni mzito mno kwa mawe hai. Hushika maji na kugandamana. Samadi nayo hufanya mmea uvimbe na kupasuka.

Hapa wakazi wa kaunti wana bahati. Mawe mepesi ya volkano, yanayojulikana kama pamisi, huchimbwa katika maeneo ya Longonot na Naivasha, na mashamba ya maua hukuza waridi ndani yake. Mawe hayo yana matundu mengi. Hushika unyevu kidogo na kuacha hewa nyingi ipite, jambo ambalo mzizi wa mawe hai unahitaji.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu tatu za pamisi iliyochekechwa na sehemu moja ya udongo wa kawaida usio na mbolea. Punje ziwe na ukubwa wa kati ya punje ya mtama na ya mahindi, na vumbi lioshwe liondoke. Pasipo pamisi, mchanga mchirizi wa mto ulioshwa vizuri unaweza kutumika. Mchanga kutoka kando ya Ziwa Nakuru au Ziwa Elmenteita haufai, kwa kuwa maziwa hayo ni ya magadi.

Kubadilisha chungu

Mawe hai hayapendi kusumbuliwa, na mmea unaweza kukaa kwenye chungu kimoja kwa miaka kadhaa. Zipo sababu nne za kuuhamisha: umenunuliwa ukiwa kwenye udongo mzito au mboji, mizizi imejaa chungu, chumvi imerundikana, au wadudu wameingia kwenye mizizi.

Wakati mzuri ni pale mmea una jozi moja imara, baada ya majani ya zamani kukauka kabisa. Usihamishwe jozi mpya inapochipuka wala ukiwa na ua.

Chungu kiwe na kina cha angalau sentimita 10, kwa sababu mzizi mkuu huenda chini moja kwa moja, na kiwe na matundu. Si lazima kiwe kipana. Chungu cha udongo hukauka upesi na kinafaa sehemu za baridi kama Molo. Cha plastiki kinafaa sehemu kavu. Mkebe wa kupikia uliotobolewa chini unaweza kutumika pia. Hatua ni hizi:

1. Usimwagilie kwa wiki moja au mbili kabla ya kazi. Udongo mkavu huachia mizizi kwa urahisi.

2. Laza chungu, gonga pande zake na usukume kutoka chini. Usivute mmea kwa majani.

3. Ondoa udongo wa zamani kwa vidole au kwa mswaki laini. Ukiganda, uloweshe kwenye maji kwa dakika chache, kisha uache mizizi ikauke kivulini.

4. Kagua mizizi. Iliyo hai huwa imara na ya rangi hafifu. Iliyooza au iliyokauka ikatwe kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Mzizi mkuu ulio mzima usikatwe.

5. Acha mmea mahali pakavu penye kivuli kwa siku mbili au tatu ili majeraha yafunge.

6. Weka mchanganyiko mkavu kwenye chungu, ning'iniza mzizi katikati ukiwa umenyooka, na ujaze pande zote. Shingo, pale mzizi unapokutana na majani, iwe usawa wa udongo. Sehemu ya juu ya majani ibaki wazi.

7. Tandaza kokoto ndogo juu. Zitauzuia mmea usiyumbe na kuiweka shingo yake kavu.

8. Weka chungu penye mwanga usio mkali na usimwagilie kwa wiki moja. Baada ya hapo mpe maji kidogo, na urudi kwenye utaratibu wa kawaida mmea ukishika.

Wanaokosea zaidi hukosea kwenye hatua ya mwisho. Mazoea ya kumwagilia kila mche baada ya kupanda ni sahihi kwa kabeji. Kwa mawe hai, maji kwenye mzizi wenye jeraha bichi ni mlango wa kuoza.

Mmea ukiugua

Jani lililolainika na kuwa kama maji, likiwa na rangi ya kahawia, limeoza. Likiwa limeanzia kwenye mzizi, kata sehemu iliyooza hadi ifike penye tishu safi, kausha kwa siku kadhaa na ujaribu kupanda upya. Ikifika kwenye shingo, ni nadra mmea kupona.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye ufa au mizizi ni wadudu aina ya vidung'ata. Wafutwe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti na mmea utengwe na mingine. Konokono na ndege hula au kudonoa majani kwa ajili ya maji yaliyomo, kwa hiyo mimea ya nje ifunikwe kwa wavu.

Mmea uliopasuka kwa maji mengi usitupwe. Uachwe bila maji. Kidonda kikikauka bila kuoza, jozi ijayo inaweza kutoka ikiwa nzima.

Kwa wanaouza na wanaonunua

Mawe hai huzalishwa vizuri kwa mbegu. Mbegu ni ndogo kama vumbi, na kwa kawaida mmea haujizalishi wenyewe. Inahitajika mimea miwili tofauti ya aina moja, yenye maua kwa wakati mmoja, na chavua ihamishwe kwa brashi ndogo. Mbegu hupandwa juu ya mchanganyiko laini wenye unyevu, chini ya plastiki angavu, na huanza kuota ndani ya wiki moja au mbili. Miche michanga huhitaji unyevu zaidi kuliko mimea mikubwa. Mmea huchukua takriban miaka mitatu kufikia umri wa kutoa maua, kwa hiyo anayeingia kwenye biashara hii ajiandae kusubiri.

Wanunuzi wa mbegu mtandaoni wajihadhari na picha za mawe hai ya rangi ya buluu iliyokolea au ya upinde wa mvua. Rangi za kweli ni za mawe na udongo: kijivu, kahawia, hudhurungi, kijani na nyekundu iliyofifia.

Mtu yeyote anayetaka kuingiza mmea au mbegu kutoka nje ya nchi anatakiwa kupata kibali cha Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea, KEPHIS, kabla mzigo haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Utaratibu huu unazuia wadudu na magonjwa kuingia. Katika kaunti ambayo maelfu ya familia hutegemea maua, mboga na viazi, mfuko mmoja wa miche iliyofichwa kwenye sanduku la safari unaweza kugharimu wengi. KEPHIS ina ofisi Nakuru.

Pia kuna suala la mimea ya porini. Afrika Kusini na Namibia zinalinda mawe hai kisheria, na uchimbaji wa kimagendo wa sakulenti umemaliza mimea katika baadhi ya maeneo. Mmea uliochukua miaka mingi kukua kwenye mwamba hung'olewa kwa dakika moja, na mara nyingi hufa kwenye chungu. Mnunuzi amuulize muuzaji kama mmea ulioteshwa kwenye kitalu. Mmea wa kitalu kwa kawaida huwa safi na wenye umri na ukubwa unaofanana na wenzake. Wa porini mara nyingi una makovu na ngozi za majani ya miaka iliyopita.

Jambo hilo linahusu mimea ya hapa pia. Kenya ina aina zake nyingi za shubiri, na kuzichimba porini kwa ajili ya biashara bila kibali ni kosa.

Mkazi mwenye mmea unaougua au anayetaka kuanza kitalu anashauriwa kumwona afisa wa kilimo katika ofisi ya wadi yake. Aende na mmea ukiwa kwenye chungu chake, au picha zilizo wazi za majani na mizizi, na awe tayari kueleza mambo mawili: mara ya mwisho aliumwagilia lini, na kwa maji ya wapi. Kwa mawe hai, majibu ya maswali hayo mawili kwa kawaida ndiyo yanayoonyesha tatizo lilipo.